Damu ya Mbuzi wa Kaka

Wifi yangu hakuwa mtu wa kupendeka upesi, na wala simsingizii. Siku niliyoletwa kwenye ile nyumba nikiwa bibi harusi, nimejipamba na kunukia, alinitazama mikono badala ya uso, akaniuliza kama najua kumshika mbuzi. Nikamwambia mimi ni fundi cherehani. Akasema, "Haya, basi utashika kamba." Nikajua hapa nimepata wifi wa kweli, wale wanaosimuliwa.

Nilimbandika jina la Bibi Sindano, naye hakukasirika, maana sindano ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa kwenye maabara ya mifugo mjini, chumba cha nyuma, madirisha yamepakwa rangi nyeupe hadi nusu ili jua lisiingie. Mlikuwa na friji kuukuu ambalo mlango wake ulifungwa kwa mpira wa baiskeli, meza ya vigae iliyosuguliwa mpaka ikapauka, na zile sahani zake za plastiki zenye vishimo vidogo vidogo, kila kishimo kinatosha chozi moja tu. Ngozi ya mikono yake ilikuwa imekauka kwa kunawa. Hakuolewa. Wachumba walikuja, wakaona anavyowatazama kama anawatafuta mshipa, wakaaga mapema.

Kilichomkosesha raha kilikuwa homa ya mbuzi. Ugonjwa huo huletwa na virusi: mbuzi anaanza kutoka kamasi, mdomo unachubuka, anaharisha, kisha anajilaza asiinuke tena. Ukimwona mmoja ana kamasi, ujue zizi zima limeshaingiliwa. Zamani damu ilipelekwa ng'ambo kupimwa, na majibu yakirudi mbuzi wenyewe wamebaki mifupa. Wifi alitaka kipimo kitengenezwe hapa hapa, cha haraka, ili kundi lililopitiwa na virusi lizuiwe kabla halijafika mnadani kuambukiza mengine. Wanawake wengine huomba watoto, wengine huomba nyumba. Yeye aliomba kipimo.

Alinieleza siku moja alipokuja kwenye kibanda changu cha ushonaji kuziba sketi yake iliyochanika kwenye seng'enge za watu.

"Mbuzi akiingiliwa na virusi, wifi, mwili wake unatengeneza kingamwili. Chukulia ni askari. Virusi wanaweza kujificha, lakini askari wakishatoka kambini hawajifichi. Mimi nawatafuta askari."

"Na utawaonaje, wewe ambaye hata uzi kwenye tundu la sindano huuoni?"

"Nawawekea chambo kwenye kishimo. Wakiwemo kwenye damu wananasa. Halafu natia dawa, kishimo kinageuka njano. Wasipokuwemo, maji yanabaki meupe."

"Basi si kazi imekwisha?"

Akacheka, jambo ambalo halikuwa la kila siku. "Njano kiasi gani, wifi? Ndiyo shida hiyo. Lazima nipate damu ya mbuzi ambao nina hakika hawajaugua na hawajachanjwa, maana chanjo nayo huamsha askari wale wale. Nikishaijua rangi ya damu hiyo, hapo ndipo napiga mstari. Aliye chini ya mstari ni mzima, aliye juu kundi lake lizuiwe. Bila damu hiyo, nakisia tu."

Na damu hiyo alishajua ataitoa wapi. Mume wangu alikuwa na mbuzi huko juu mlimani tunakoishi, ndani ya uzio wake mwenyewe, hawachangamani na wa mtu. Karibu nchi nzima ilikuwa imepitiwa na ugonjwa au na wachanjaji, ila kwetu hakuna gari lililopenda kupanda.

Hapa inabidi nimweleze mume wangu, ingawa nikianza hasira hunipanda. Ni mtu mwema. Hata leo nasema ni mtu mwema. Wazazi wao walifariki yeye angali mvulana na dada yake akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Akaacha shule, akachunga, dada akasoma. Kwa hiyo wifi yangu, ambaye mjini alimkaripia hata mkurugenzi wake kwa kuingia na viatu vichafu maabara, akifika kwetu alikuwa mtu mwingine. Haketi kabla kaka hajaketi. Kaka akisema, hakatizi. Akikosewa na kaka, anatazama chini na kusema, "Sawa, kaka." Mimi nilikuwa namcheka: simba wa mjini, mlimani ni paka.

Alimwomba kaka yake mbuzi hao wasichanjwe mpaka atakapokuja kuwatoa damu. Walizungumza wawili tu, mimi nikiwa kibandani kwangu mjini, na mume wangu hakuona haja ya kunishirikisha. Mambo ya mbuzi na mambo ya dada yake yalikuwa yake.

Siku ya kutoa damu ilifanana na sikukuu. Mume wangu alivaa shati nililompigia pasi mwenyewe, akawashika mbuzi mmoja mmoja kwa pembe, huku wifi akipapasa shingo, anaona mshipa, anachoma, damu inapanda kwenye kichupa, anakifunga na kukilaza kwenye boksi la barafu. Alikuwa mwepesi hata mbuzi hawakupata muda wa kulia. Nilishika kamba, kama nilivyoahidiwa siku ya harusi.

Baadaye nilikuja kujua jinsi alivyokuwa akifanya kwa wafugaji wengine. Kwa wengine alikuwa polisi. Anamwuliza baba mwenye mbuzi, kisha anamwita mke pembeni na kumwuliza maswali yale yale, kisha anawafuata watoto. Mbuzi walinunuliwa wapi? Nani alikuja na sindano? Lini? Mdomo wa mbuzi anaufunua, sikio analigeuza. Wakipishana neno moja, anafunga vichupa vyake na kuondoka. Kwetu alikunywa chai, akasifu sukari, akaondoka. Hakumwuliza mtu kitu. Angemwulizaje? Kumhoji kaka aliyekulea kwamba ulifanya nilivyokuomba au hukufanya ni kumwambia humwamini, na hilo wifi yangu asingelitamka hata kwa kisu shingoni.

Kazi ya mstari ilimsumbua kuliko alivyotarajia. Vishimo vya mbuzi wa kaka yake havikubaki vyeupe kabisa. Vilikuwa na unjano kidogo, wa mbali, kama maji ya kusuuzia kikombe cha chai. Alirudia na kurudia. Alibadilisha dawa, akabadilisha maji, akaosha sahani kwa mikono yake. Mwenzake wa maabara, mama mmoja mnene mwenye kicheko kikubwa, alimwambia, "Dada, si utafute mbuzi wengine tu?" Wifi akamjibu kwa ukali kwamba hao ni mbuzi wa kaka yake, na kama kuna damu ya kuaminika chini ya jua ni hiyo. Mwisho akaamua kwamba ndivyo mbuzi wa kwetu walivyo, labda kwa majani wanayokula, labda kwa maji. Akapiga mstari wake juu ya ule unjano.

Kipimo kikakubaliwa. Wakubwa walikuja na magari, utepe ukakatwa mbele ya mlango wa kile chumba cha nyuma, mlango ukapakwa rangi mpya kwa ajili ya picha. Mume wangu alikaa mstari wa mbele. Kila aliyempa mkono alimweleza kwamba damu iliyoanzishia kipimo ilitoka kwa mbuzi wake. Alimweleza mkurugenzi, alimweleza dereva wa mkurugenzi, alimweleza na aliyekuwa anagawa soda. Tuliporudi mlimani alikuwa ameota mbawa. Watu wakampachika jina la Baba Kipimo, naye akiitwa hivyo anaitika kwa sauti. Nilimtania sana, lakini na mimi nilikuwa nimevimba kichwa, nisidanganye. Wifi alipandishwa cheo, akanunua friji lenye mlango unaojifunga wenyewe.

Ikawa kila kundi kabla ya mnada linatolewa damu, na likiwa chini ya mstari linapita. Wafugaji walimwamini. Mfugaji anayekubali umchome mbuzi wake amekuamini kweli.

Jirani yetu mmoja, tunamwita Mzee Redio kwa sababu hakuna habari asiyoijua na hana kitufe cha kuzimia, alinunua mbuzi mnadani. Wamepimwa, wamepita. Akawapandisha mlimani kwa mbwembwe zote, akawanywesha kwenye birika lile lile la maji wanakonywa wa kwetu, nasi hatukumkataza kwa kuwa wamepimwa. Baada ya muda mbuzi mmoja wa Mzee Redio akatoka kamasi. Mume wangu akasema ni baridi. Kisha wakatoka kamasi wote. Kisha wa kwetu.

Sipendi kuisimulia sana hiyo. Zizi lilinuka hata ukila chakula unaonja ule uvundo. Mbuzi jike mmoja mwenye doa jeupe, aliyezoea kuja kula vitambaa mlangoni kwangu, alijilaza karibu na ngazi na kunitazama, midomo imechubuka hata ulimi haufungiki ndani. Mume wangu alichimba shimo, akafukia, akachimba lingine. Mzee Redio naye, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza, ila siku aliyofukia wa mwisho alisimama kwenye uzio wetu akasema, "Baba Kipimo, dada yako alituambia ni wazima."

Wifi alikuja. Alitembea kati ya mizoga amefunga mdomo kwa kitambaa, akachukua damu ya wetu wachache waliobaki, ambao nao hawakumaliza wiki, akaenda zake bila chai. Kisha zikaanza kuja habari za sehemu nyingine: makundi yaliyopimwa yakapita, yakapeleka homa kule yalikonunuliwa. Akazirudia damu zote alizozihifadhi. Hakupata kosa. Mashine nzima, dawa nzima, mikono yake ile ile. Ikabaki ile damu ya kwanza.

Akaja kibandani kwangu. Ilikuwa asubuhi, nashona sare za shule, kitambaa cha buluu kimejaa mpaka sakafuni. Hakuketi. Alisimama mlangoni, akauliza polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Wifi, wale mbuzi walipata kuchanjwa?"

Nami, Mungu anisamehe, nilijibu kwa fahari. Nilidhani anataka kujua kama tuliwatunza; yale ya askari na mstari yaliingia sikio hili yakatokea lile. "Mbona walichanjwa! Kaka yako si mzembe. Kulivuma kwamba homa iko bonde la pili, akamwita yule mchanjaji wa pikipiki. Mimi mwenyewe niliwashika."

"Lini?"

"Kabla hujaja kuwatoa damu. Kama mwezi hivi kabla."

"Chanjo ilikuwa kwenye barafu?"

"Barafu gani? Kiboksi chake kilikuwa kimefungwa kwa kamba, ndani maji matupu. Yule bwana alikuwa ameshinda juani kutwa nzima. Kwani vipi?"

Hapo ndipo akaketi, juu ya zile sare, na nilikuwa nimezipiga pasi. Akanieleza kwa sauti isiyo na chochote ndani yake. Chanjo ikipata joto inakufa nusu. Inaamsha askari wachache, wasiotosha kumlinda mbuzi, lakini wanaotosha kutia unjano kishimo. Ule unjano haukuwa wa majani wala wa maji. Ulikuwa wa chanjo. Naye akaupigia mstari juu yake, akauita uzima. Kwa hiyo kila mbuzi aliyeambukizwa karibuni, ambaye askari wake ndio kwanza wanaanza kutoka, alikuwa chini ya mstari. Alikuwa anapita. "Nimewapitisha mimi," akasema. "Nimewapitisha kwa mkono wangu."

"Lakini yeye ulimwambia?" niliuliza. "Ulimwambia wasichanjwe?"

"Nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Ukishasema wewe, mdogo wangu, imekwisha.'"

Damu ilinichemka. Nilielewa papo hapo alivyofanya, maana namjua. Alipata hofu ya homa, akachanja. Kisha akaona haya kumwambia dada yake, au aliogopa damu ya mbuzi wake itakataliwa na ya mtu mwingine kuchukuliwa. Akajiambia chanjo ni dawa kama ile ya minyoo, mwezi ukipita imeshatoka na mavi. Na akishajiambia jambo mume wangu, limekwisha, hata kulikumbuka halikumbuki tena. Nikasimama. Nikasema leo hii hii naenda kumpasha, ajue alichokifanya, Baba Kipimo huyo.

Wifi akanishika mkono. Sijawahi kushikwa vile. "Hutamwambia."

"Nitamwambia! Wewe ubebe mzigo wake?"

"Wifi, hebu nisikilize. Yule mtu hana shule, hana mbuzi tena, hana chochote. Ana kitu kimoja tu, kwamba alinilea mimi mpaka nikawa mtu. Ukimwambia ameniangamiza, unadhani atabaki nani? Atajinyonga kwenye lile zizi. Namjua kabla yako." Kisha akasema, "Kuuliza ilikuwa kazi yangu. Wote niliwauliza. Yeye sikumwuliza."

"Sasa si hekima hiyo, ni ujinga wa kusoma," nikamwambia huku nalia. Lakini aliniapisha. Niliapa kwa watoto wangu, na tangu siku hiyo najilaumu kwa kuapa upesi.

Alikwenda kwa mkurugenzi akasema amekosea kuchagua mbuzi wa kulinganishia. Walimwuliza mbuzi wa nani. Akasema kosa ni lake, mwenye mbuzi hahusiki. Walimbana, wakamtisha, hakutaja. Kipimo kikaondolewa minadani. Ile picha ya utepe ikatolewa ukutani.

Aliomba jambo moja tu: apewe nafasi aanze upya. Dawa ilikuwa nzuri, chambo kilikuwa kizuri, kilichoharibika ni mstari. Wakamwambia sawa, leta damu ya mbuzi ambao hawajaugua wala hawajachanjwa. Akaizunguka nchi kwa basi na kwa miguu, viatu vikalika upande mmoja. Kila alikouliza, homa ilishapita, au mchanjaji alishapita, au vyote viwili. Alipofika sehemu ya mwisho aliyokuwa na matumaini nayo, mwenyeji wake alimwonyesha mashimo mapya yaliyofukiwa. Mbuzi walionunuliwa mnadani, wamepimwa, wamepita. Kipimo chake kilikuwa kimeisambaza homa mpaka huko, na damu aliyoitafuta ilikuwa haipo tena mahali popote.

Hapo alikufa moyo. Siku hizi yuko machinjioni, amevaa gamboti na aproni, anagonga mihuri kwenye mapaja ya nyama. Nilikwenda kumwona mara moja. Alikuwa amesimama kati ya nyama zilizotundikwa, mkono unapanda na kushuka. Nilimtania, "Bibi Sindano amekuwa Bibi Mhuri." Alitabasamu ili nisione haya, nikajuta kwa nini nimefungua mdomo.

Huku nyumbani mume wangu alikuwa amemnunia dada yake. Watu wa mlimani walikuwa bado wanamwita Baba Kipimo, sasa kwa kicheko kingine, naye haitiki. Mzee Redio alishapata sauti yake na kuitangaza habari kila upande. Mwishowe mume wangu akamwita dada yake aje nyumbani.

Alikuja mchana, amebadilisha nguo, lakini harufu ya machinjioni haitoki kwa sabuni moja. Alisubiri kaka aketi, ndipo akaketi kwenye kigoda upande wa pili wa meza. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao.

"Nilikusomesha," mume wangu alianza. "Nilikula jua wewe ukikaa kivulini na kalamu. Nikakupa mbuzi wangu, nikakupa damu yao, watu wote wakajua. Na wewe umefanya nini? Umewaua. Umewaua mbuzi wangu na wa watu wote, kwa sababu hukuwa makini. Kila nikipita wananicheka. Shule yote ile, mdogo wangu, hukujifunza kuwa makini?"

Nilimtazama usoni. Niliutafuta uso ule mzima nione kama kuna mahali panapotetemeka, mahali panapojua. Hapakuwapo. Alikuwa na uchungu wa kweli, wa mtu aliyekosewa.

Maneno yalinifika mdomoni. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mguu wa wifi ukanikanyaga chini ya meza, ukabaki hapo hapo, mzito.

"Nisamehe, kaka," akasema.

Mume wangu alipapasa ukingo wa meza kwa kidole. Kisha akashusha pumzi ndefu. "Basi," akasema. "Kosa ni kosa. Wewe ni dada yangu, nitakutupa wapi? Nimekusamehe."

"Asante, kaka."

"Mke wangu, mpe chai."

Nilimpa chai. Akainywa yote, akamuaga kaka yake kwa adabu, akanishika bega mlangoni, akashuka mlima kuwahi zamu yake. Mume wangu alitoka hadi uani, akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Aliporudi uso wake ulikuwa umekunjuka, kwa mara ya kwanza tangu mbuzi wafe.

"Unaona, mke wangu?" akaniambia. "Mimi sina kinyongo na mtu."